Mwaka Bijou Alipocheka

Muzee Barigora alikufa Jumanne, na Alhamisi nilikuwa msibani kwake Munigi, nimeketi kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, mahali pa watu wa heshima, kwa sababu binti yake Solange alikataa nikae nyuma. "Mama Nabintu, weye hapana kukaa na bajirani," aliniambia akinivuta mkono. "Papa alikuwa anakutaja mingi. Anasema weye njo ulimuchungia Bijou yake." Wafiwa waliokuwa karibu wakageuka wakaniangalia kwa upole, na mwanamume mmoja akainuka kunipisha. Ningepaswa kusema hapo hapo, jeneza likisikia: hapana, mama, mmekosea mtu. Niliketi, nikapokea sahani ya wali na maharage, nikaimaliza, na nilipoulizwa kama ninaongeza nikasema ndiyo. Mimi ndivyo nilivyo. Anayetaka habari za mwanamke mwema aliyeonewa na dunia afunge hapa, atafute kitabu kingine. Hii ni habari ya mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na ya kima mmoja aliyekuwa na meno mazuri.

Ya kwetu sitayaeleza. Tulitoka upande wa Bukavu kama wengi wa Goma, tulisali misa ya kwanza, yatosha. Kazi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa katika shirika la kulinda wanyama, kwenye nyumba moja ya mtaa wa Himbi iliyoteremka mpaka ziwani. Salon yake ilikuwa na vigae vyeupe na ramani ya misitu iliyofunika ukuta mzima. Nyuma kulikuwa na baraza pana, na nyuma ya baraza jiko, ambako sisi wafanyakazi tulikula. Mimi nilikuwa secrétaire na mkalimani. Madame Odile, mkubwa wetu, Kiswahili chake kilikuwa jambo na aksanti. Walinzi wa msituni, ambao tuliwaita pisteurs kwa sababu kazi yao ni kufuata nyayo za wanyama, hawakuwa na Kifaransa cha kuingia nacho ofisini. Nilikaa katikati. Dada niliyempokea kazi alinifundisha jambo moja tu kabla hajaondoka: "Usitafsiri, dada. Lainisha." Pisteur akisema mabuti yameoza na ofisi inatuona sisi wanyama, wewe unasema: anaomba viatu, ikiwezekana. Madame akisema hawa watu ni wavivu ajabu, wewe unasema: Madame anawaomba muongeze nguvu kidogo. Kila mmoja anarudi kwake na kazi yake mkononi. Ofisi nyingi za Himbi zilisimama juu ya wasichana kama mimi, na nakiri kwamba sikuona aibu. Niliona fahari. Nililainisha vizuri kuliko mtu yeyote.

Bijou aliletwa mwezi wa pili ndani ya gunia la makaa, waya umefungwa kiunoni mpaka umeingia nyamani. Pisteurs walikuwa wamemkuta kwenye kizuizi cha barabara ya Rutshuru, anapelekwa kuuzwa. Alikuwa kima wa dhahabu, wale wanaokaa kwenye mianzi ya milima yetu ya moto na hawapatikani kwingine duniani isipokuwa kwa majirani wa milima hiyo hiyo. Mikono na miguu myeusi, uso wa bluu ya majivu, na mgongoni yale manyoya ya rangi ya mawese. Alikuwa mtoto bado, mwepesi kama kuku wa wiki chache. Aliyemleta ni Muzee Barigora, pisteur wa zamani kuliko wote, mtu wa Rutshuru, mwembamba, mpole wa kukasirisha. Alikaa nasi miezi minne akimlea. Alilala katika stoo, akamnywesha maziwa kwa chupa, akamsafisha kidonda cha waya kwa maji ya chumvi, na mchana alipokuja jikoni kula Bijou alikuwa shingoni mwake kama skafu. Mpishi wetu, Mama Riziki, alikuwa akipiga kelele kila siku juu ya sufuria yake ya kisamvu: "Muzee, hiyo nyama yako isinikojolee mu sombe!" Kisha anamkatia Bijou kipande cha ndizi kabla hajatupakulia sisi. Tulikula fufu na sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwa letu, tukicheka ovyo, na nadhani hicho ndicho kipindi pekee cha mwaka ule ninachoweza kukikumbuka bila kutaka kuinuka na kutembea.

Siku moja mlinzi wa lango alipita barazani na mbwa wake, na Bijou akakunja midomo, akatoa meno yote, ya juu na ya chini, mpaka macho yakafinyika. Nilipiga makofi. "Muzee, ona, Bijou anacheka!" Muzee Barigora aliweka tonge lake chini. "Hapana, binti," akasema. "Inkima hacheke. Akikuonyesha meno yote vile, kimya, hana sauti, anakuomba usimuue." Akamfunika kwa koti lake mpaka mbwa akapita. Alinieleza na mengine siku ile, kwa kuwa nilimwuliza. Kwamba Bijou hawezi kukaa na watu zaidi ya mwaka. Kwamba mvua zikirudi, mwezi wa kumi, mianzi inachipua, kundi zima linashiba, na wamama wa kima wakishiba wanakuwa wapole, wanampokea mtoto asiye wao. "Hiyo njo saa yake. Tukiipita, atakuwa mukubwa, watamuuma mpaka afe. Na akizoea batu, hata mianzi ikiwa mingi, ni bure." Mwezi wa sita alipanda kurudi msituni kulifuata kundi na kulizoea kabla ya siku hiyo. Asubuhi ya kuondoka alimweka Bijou mikononi mwangu, akaniambia: "Ninakuachia weye. Usikubali aogope batu sana, na usikubali abapende sana. Mwezi wa kumi nitatuma habari." Nikasema ndiyo muzee. Nilimaanisha.

Wiki ya pili baada ya hapo Madame Odile alituita salon. Alikuwa amebandika picha mbili ukutani, kando ya ramani. Moja ni ya Bijou. Nyingine ilikuwa ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona: mnyama wa majini mwenye ngozi ya waridi kama kisigino cha mtoto mchanga, vidole kama vya mtu, na pande zote za kichwa vitu vinavyofanana na manyoya ya kuku. Salamanda wa Meksiko, Madame akasema. Siège, yaani ofisi mama ya Ulaya, ilikuwa inatafuta mnyama mmoja wa kuwekwa kwenye mabango yote ya mwaka unaofuata. Wamebaki wawili, salamanda na kima wetu, na watu wa dunia watapiga kura kwenye tovuti. Atakayeshinda ndiye atakayelindwa kwa nguvu zote. Mwingine atasubiri. "Na tatizo letu ni hili," Madame akasema, akigonga picha ya salamanda kwa kalamu. "Huyu anacheka."

Ni kweli. Mdomo wake ulikuwa umepinda juu pande zote mbili, kama mtu aliyesikia habari njema akakatazwa kuisema. Madame alinipa karatasi kubwa nichore colonne mbili niwalinganishe. Niliifanya kazi ile kwa moyo, nilikuwa mwanafunzi mzuri. Upande wa kushoto: salamanda, ziwa lake limekauka kwa kujengwa mji mkubwa juu yake, wamebaki wachache sana. Kulia: kima, mianzi yake inakatwa iwe ya kuegemezea maharage na ya kujengea, anakufa kwa mitego isiyotegwa kwa ajili yake, wamebaki wachache sana. Kushoto: anabaki na sura ya utoto mpaka anakufa. Kulia: anakuwa mkubwa, anaharibika sura. Kushoto: ukimkata mguu, mguu unaota tena, mzima, na vidole vyake. Kulia: hapo nilisimamisha kalamu, kwa sababu Muzee Barigora aliwahi kuniambia habari ya jike mmoja wa kundi aliyekatwa mkono na waya, na anavyopanda kwa mkono mmoja na mtoto tumboni. Niliandika: hauoti. Mama Riziki aliingia na chai, akatazama karatasi muda mrefu, kisha akamwuliza Madame kwa Kiswahili, wazi, bila kuinama, siku ambazo watu wa Masisi walikuwa wanakimbia vita: "Na batu ya Masisi, beko ku colonne gani?" Madame akanigeukia. "Anasemaje?" "Anauliza kama unaongeza sukari," nikasema.

Jikoni salamanda alikuwa gumzo la mwezi. Mlinzi wa lango alisema hiyo ni kinyonga ya maji tu, bazungu wameipaka rangi. Mama Riziki alikataa kabisa nakala ya picha ibandikwe karibu na masufuria yake. Ana binti mjamzito nyumbani, alisema, na jicho lile halina kope. Lakini lililowafurahisha zaidi ni mguu. "Unaota tena? Mzima?" mlinzi akauliza. "Basi hao njo bangepeleka ku front, batuachie batoto betu." Tulicheka mpaka Mama Riziki akafuta machozi kwa kitenge. Alikuwa na mtoto wa kaka yake aliyerudi kutoka huko na magongo mawili. Alicheka kuliko sisi wote. Ndivyo tulivyokuwa tukiongea mwaka ule, na watu wasiotoka huku wakitusikia wanadhani hatuna moyo.

Sasa niseme la kwangu. Madame aliniambia, tukiwa wawili, kwamba kima akishinda, mtu mmoja wa ofisi ya Goma ataitwa Ubelgiji mwezi mzima kumtambulisha, na mtu huyo ni mimi. Sijui nikuelezeje nilivyoitaka safari ile. Nilijua rangi ya sanduku nitakalobeba. Nilijua nani wa mtaani nitamsalimia na nani sitamsalimia nikirudi. Na Bijou akawa anaiharibu. Madame alimpiga picha asubuhi na jioni, na katika kila picha alikaa na uso wake wa bluu kama mtu anayengoja kuitwa ndani na daktari. "Hakuna atakayempigia kura huyu," Madame akasema. Ilikuwa barazani, saa nne hivi ya asubuhi, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na wavu wa kizimba alichojengewa Bijou. Fagio lililoegemea ukutani likaanguka kwa kishindo. Bijou akarudi nyuma mpaka kwenye pembe, akakunja midomo, akatoa meno yote, kimya. Madame akapiga kelele ya furaha. "Anacheka! Mungu wangu, anacheka! Nabintu, fanya tena!"

Nilijua. Nataka hilo lieleweke. Madame hakujua, alikuwa mjinga wa kawaida wa mtu aliyesoma vitabu vingi. Mimi nilikuwa nimeambiwa, kwa lugha ninayoielewa, na mtu aliyeacha kula ili aniambie. Nililiokota fagio nikapiga wavu. Tulifanya hivyo siku kumi na moja. Mwanzoni nilipiga kwa nguvu. Kisha ikatosha kuliinua. Mwishoni nilikuwa nikiingia tu barazani, mikono mitupu, naye anaonyesha meno kabla sijafika, akitetemeka, akijikojolea. Na nitasema kitu ambacho sijakisema hata kwa padri. Siku ya nne nilianza kufurahia. Katika nyumba ile nilikuwa natii kuanzia saa mbili asubuhi, ndiyo Madame, ndiyo muzee, na hapa palikuwa na kiumbe kimoja kilichonitii mimi. Mama Riziki alisimama mlangoni pa jiko na kisu cha vitunguu mkononi. "Nabintu, huyu mutoto wa benyewe unamufanyia nini?" "Kazi," nikasema. "Ya nani?" Toka siku ile aliacha kunipakulia. Alikuwa ananiachia sufuria nijipakulie mwenyewe.

Leo ndipo naweza kuikamilisha ile karatasi. Mdomo wa salamanda umeumbwa hivyo. Amelala anacheka, ana njaa anacheka, anakufa anacheka, na hakuna mtu aliyelazimika kumtisha ili watu wa mbali wampende. Tofauti kubwa kati ya wanyama wale wawili ilikuwa hiyo, na nafasi ya kuiandika ilikuwepo, chini kabisa, karibu na sahihi yangu.

Kima alishinda, na kwa mbali. Picha ya Bijou na meno yake ilizunguka dunia; watu waliandika kutoka nchi ambazo nilizitafuta kwenye ramani, wakisema imewapa furaha siku nzima. Fulana zilifika kwenye mabox, nyeupe, uso wa Bijou kifuani. Madame alinikumbatia. Mwezi wa tisa wageni walianza kuja kumwona, wanadiplomasia, watu wa mashirika, wote wanataka acheke, na mimi ndiye niliyeitwa kumchekesha. Na mwezi wa kumi, kama alivyosema, Muzee Barigora akatuma habari. Ilikuja kwa fonie, ile redio ya ofisi, sauti yake ikikatika: "Mianzi imechipua. Kundi limetulia, liko chini. Mumulete mutoto." Madame alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni Barigora? Anasemaje kuhusu kumrudisha?" Wageni wakubwa wa siège walikuwa wamepanga kuja mwezi wa kumi na mbili, na safari yangu ilikuwa baada yao. Nikasema: "Anasalimia. Anasema kundi liko vizuri, hakuna haraka." Kisha nikabonyeza kitufe nikamwambia muzee: "Madame amesikia. Anasema mungoje kidogo, barabara ni mbaya." Alituma tena wiki iliyofuata, na nyingine. Nililainisha zote. Ya nne haikuja, kwa sababu vita viliteremka kutoka Rutshuru, na pisteurs walikimbia na watu wengine wote.

Muzee Barigora alifika Himbi kwa miguu siku moja ya mvua, saa tatu ya asubuhi. Mlinzi wa lango karibu asimtambue. Alikuwa na shati moja lililoganda mwilini, na mkewe na watoto walikuwa wamebaki Kanyaruchinya, kwenye mawe, na wakimbizi wenzao, hata sheeting, lile turubai la msaada, hawajapata. Hakuomba sheeting. Hakuomba chakula, ingawa Mama Riziki alikuwa tayari anapasha maharage huku akilia. Alikwenda moja kwa moja barazani. "Bijou," akaita, kwa ile sauti ya chini aliyokuwa akimwita nayo. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Bijou alituona sisi wawili, akarudi kwenye pembe, akakunja midomo, akatoa meno yote.

Muzee Barigora alisimama mbele ya wavu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye shati lake. Kisha akageuka, akaniangalia mimi, wala hakupandisha sauti. "Nani amefanya hii?" Madame alikuwa ametoka ofisini, mikono imefunguliwa, uso umejaa furaha ya kweli. "Ona, amemkumbuka! Anamchekea! Anasemaje, Nabintu?" "Anasema amefurahi sana kumwona anacheka," nikasema. Muzee hakuniondolea macho. "Mwambie Madame," akasema taratibu, kama mtu anayemwekea mtoto chakula kinywani, "benzangu wawili bangaliko, banapanda kesho asubuhi na njia ya nyuma. Mianzi ingali, wiki mbili ao tatu. Banipe mutoto leo. Nitamubeba miye mwenyewe. Hata vile alivyoharibika, nijaribu. Baada ya leo hakuna tena." "Anasemaje?" "Anasema anaona Bijou amekuwa mtoto wa hapa sasa. Anasema vita ni vibaya, afadhali abaki." Madame akaweka mkono kifuani. Akamshika muzee mikono yote miwili, akamwambia kwa Kifaransa kwamba yeye ni mtu mkubwa. "Madame anasema nini?" muzee akaniuliza. "Anasema hapana," nikasema. "Anasema anasikitika, lakini hapana."

Ndipo Madame akaona shati lile lililolowa, akaona haya, akakimbia ndani. Alirudi na fulana mpya, ikiwa bado kwenye plastiki. Muzee Barigora aliifungua, akaikunjua, akaitazama picha. Hakujua kusoma maneno yaliyoandikwa chini yake, lakini meno aliyajua. Niliona anaelewa yote, mwanzo mpaka mwisho, siku zote kumi na moja, na nikangoja aniite jina ninalostahili. Alivua shati lake. Mbavu zake zilihesabika. Alivaa fulana ile, kwa kuwa alikuwa anatetemeka na hakuwa na nyingine, akasema, "Aksanti, Madame," akatoka getini akaelekea Kanyaruchinya, saa mbili na nusu za kutembea, na uso wa Bijou kifuani unaogopa kila mtu aliyepishana naye njiani. Maharage ya Mama Riziki yalibaki mezani.

Nilikwenda Ubelgiji mwezi wa kwanza. Sanduku lilikuwa jekundu. Katika jengo la siège, mlangoni kabisa, walikuwa na salamanda wa kweli ndani ya kioo cha maji, na siku ya kwanza nilikaa mbele yake nikingoja kupokelewa. Nilimtazama karibu saa nzima. Mama mmoja alipita na mtoto, mtoto akapiga kioo kwa ngumi, pa pa pa, na salamanda hakushtuka, hakubadilika kitu, aliendelea kucheka. Nikasikia wivu wa ajabu, sikujua ni kwa niaba ya nani. Mchana ule nilisimama mbele ya watu mia na zaidi nikawaeleza habari za Bijou anayecheka, nao wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa natumia meno yote. Walisimama wote wakanipigia makofi.

Niliporudi kizimba kilikuwa kimeoshwa. Bijou alikuwa amekufa wiki moja baada ya mimi kuondoka, kwa kuhara, Madame akasema, huruma sana, lakini picha itaishi. Jikoni Mama Riziki alinieleza yaliyo ya kweli, mgongo umenigeukia, akichagua mchele. Kwamba aliacha kula. Kwamba mfanyakazi mpya wa usafi aliingia na fagio asubuhi, hajui kitu, na Bijou alijigonga kwenye wavu mpaka akaanguka. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemchukua kumzika kule chini karibu na maji, na alijaribu kumfunga mdomo kwa vidole kabla hajamtia kwenye gunia, kama tunavyowafanyia watu, lakini ulikuwa umekwisha kukauka. "Meno yote inje," akasema. "Kubwa, kubwa. Enda umwambie muzee wako."

Nilikwenda Kanyaruchinya Jumapili, baada ya misa, na kilo mbili za sukari, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu. Familia ilikuwa imepata sheeting sasa, wameiegemeza kwenye mawe ya volkano, na kulikuwa na moshi ndani. Muzee Barigora alikuwa amelala kwenye mkeka. Alikuwa na homa. Aliinuka akaketi ili anisalimie vizuri. Nilimwambia Bijou amekufa. Hakulia. Alitazama mikono yake, kisha akauliza jambo moja.

"Alikufa mudomo umefunguka, ao umefungwa?"

"Umefungwa, muzee," nikasema. "Alilala tu."

"Ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale."

Akatikisa kichwa polepole, akaipokea sukari kwa mikono miwili. "Unajua kuongea vizuri, binti," akasema. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tulionana mara nyingi, kwenye harusi na kwenye vilio, akinisalimia kila mara kwa heshima, na hakuniuliza tena kitu chochote.